Je, Utatu Mtakatifu ulikopwa kwa Plotinus? Jibu kwa mwanafunzi wa theolojia

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa theolojia, mwaka wa pili. Nimesikia mara nyingi kwamba Utatu Mtakatifu ulichukuliwa kwa Plotinus, na kwamba theolojia ya Bizanti kwa jumla ni Plato aliyebatizwa. Wenzangu wengine wanakataa kabisa. Wanasema Mababa wa Kanisa walichota kwenye Maandiko peke yake. Ukweli uko wapi? Na kama walichota kwa wanafalsafa wapagani, mbona wakati huohuo waliwalaani?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, na la pili ndilo zito, maana ndani yake limo jibu la lile la kwanza. Utatu haukutoka kwa Plotinus. Lakini wenzako wanaosema Mababa hawakugusa kitu cha wanafalsafa nao wamekosea, tena si kidogo. Kuanzia karne ya 4 hadi Konstantinopoli ilipoanguka mwaka 1453, karibu kila mgogoro mkubwa wa imani katika Dola la Bizanti, yaani Dola la Roma la mashariki, uliendeshwa kwa istilahi na mipango ya fikra iliyotoka kwa wafuasi wa Plato wa zama za mwisho, yaani Plotinus, Porphyry, Proclus na wenzao. Jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbiombio ni kwamba mara nyingi pande zote mbili za mgogoro zilishika mipango hiyohiyo. Mshtaki na mshtakiwa walisoma shule moja. Kwa hiyo ukitaka kuiona athari ya falsafa hiyo, usihesabu mahali Mababa walipokopa. Tafuta mahali walipochukua mpango wa wanafalsafa wakaupindua, kisha ujiulize kilichowalazimisha kuupindua ni kitu gani.

Tuanze na Plotinus mwenyewe. Alisoma Aleksandria kwa Ammonius Saccas, akahamia Roma akiwa na umri wa miaka 40 hivi, akafundisha huko hadi karibu na kifo chake mwaka 270. Maandishi yake 54 yalipangwa na mwanafunzi wake Porphyry katika mafungu sita ya tisatisa, ndiyo maana yanaitwa Enneadi. Humo chanzo cha vyote ni Mmoja, aliye juu ya kuwapo na juu ya kila wazo. Kutoka kwa Mmoja hutoka Akili, ambamo mna mifano ya vitu vyote. Kutoka kwa Akili hutoka Roho (si Roho Mtakatifu wa Wakristo), inayoupa ulimwengu uhai. Porphyry aliipa risala mojawapo kichwa kinachotaja hipostasi tatu za asili, na hipostasi ndilo neno ambalo Wagiriki Wakristo walikuja kulitumia kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mtu akiishia hapo ataona kesi imekwisha: watatu kwa watatu.

Haijaisha. Watatu wa Plotinus wamepangwa kwa ngazi. Akili ni pungufu kwa Mmoja, Roho ni pungufu kwa Akili, na kupungua huko ndiyo kanuni yenyewe ya mfumo: kinachotoka ni dhaifu kuliko kilichokitoa. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea wa mwaka 325 na ule wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ilikataa jambo hilohilo. Unaposali Kanuni ya Imani unakiri Mwana "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", na kwa maneno hayo ngazi imevunjwa. Mpango wa ngazi ungewafaa zaidi waliosema Mwana ni mdogo kuliko Baba. Anayedai kwamba Nisea ilimkopa Plotinus anawiwa maelezo: mbona Nisea ilichagua kinyume chake?

Ushahidi ulio karibu zaidi unapatikana katika Hotuba ya 29 ya Gregori wa Nazianzo, mojawapo ya hotuba tano za kitheolojia alizotoa Konstantinopoli yapata mwaka 380. Plotinus alikuwa amesema kwamba Mmoja, kwa kuwa ni mkamilifu na hahitaji kitu, ni kama anafurika, na mafuriko hayo ndiyo yanayozaa kinachomfuata. Gregori anafika mahali pa kueleza jinsi Mwana anavyozaliwa na Baba, anasimama, kisha anasema hatathubutu kuita jambo hilo mmiminiko wa wema, kama alivyothubutu mmoja wa wanafalsafa wa Kigiriki aliyezungumza juu ya bakuli linalofurika. Hamtaji jina. Sababu anaitoa palepale: hataki kuzaliwa kwa Mwana kuonekane kama kitu kinachomtoka Mungu pasipo yeye kutaka, kitu asichoweza kukizuia.

Tazama anachokataa. Gregori anawajua wanafalsafa hao, na anataraji wasikilizaji wake waitambue habari ya bakuli. Hakatai kwamba Mungu ni chemchemi, wala kwamba Mwana na Roho wanatoka kwa Baba. Anakata kamba moja tu, ile inayomfunga Mungu kwenye ulazima. Na rafiki yake Basili Mkuu, aliyesoma naye Athene, anapoeleza katika sura ya 9 ya kitabu chake juu ya Roho Mtakatifu jinsi Roho anavyoiangaza roho ya mtu iliyojitakasa, anaandika kwa lugha ambayo msomaji wa Plotinus anaitambua mara moja. Mababa hao wawili hawakuwa na aibu na elimu yao. Walijua kipi wachukue na kipi waache.

Hayo yote ni utangulizi. Mlango mkubwa ulifunguliwa baadaye, na aliyeufungua alificha uso wake.

Mwaka 532 kaizari Justinian aliwaita Konstantinopoli maaskofu wa pande mbili zilizokuwa zimegawanyika tangu Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451. Upande mmoja ulikubali asili mbili za Kristo, wa pili ulimfuata Severo wa Antiokia, aliyesema asili ni moja. Wafuasi wa Severo wakaleta maandishi ya Dionisio Mwareopago, yule aliyeongoka Paulo alipohubiri Athene, ambaye utamkuta katika Matendo ya Mitume 17:34. Hypatius, askofu wa Efeso, akauliza swali lililopaswa kuumaliza mjadala: kama maandishi haya ni ya zamani hivyo, ilikuwaje Kirili wa Aleksandria asiyajue? Mbona Athanasi hakuyatumia Nisea, wakati yangemfaa sana? Hakujibiwa sawasawa. Pamoja na hayo, katika miaka michache maandishi hayo yalikuwa yamekubaliwa na pande zote mbili, yakakaa kwenye rafu moja na vitabu vya mitume.

Ni vitabu vinne na barua kumi: Majina ya Mungu, Theolojia ya Fumbo, Daraja za Mbinguni, na Daraja za Kanisa. Mwandishi anajitambulisha kama mtu wa karne ya 1. Anasimulia kwamba aliona jua likitiwa giza siku Kristo aliposulubiwa, yeye akiwa Heliopoli. Barua yake ya mwisho imeandikwa kwa mtume Yohane kule Patmo. Lakini mwaka 1895 wataalamu wawili Wajerumani, Hugo Koch na Joseph Stiglmayr, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba sehemu ya sura ya 4 ya Majina ya Mungu, inayohusu uovu, imefuata hatua kwa hatua risala ya Proclus juu ya uovu. Proclus aliiongoza shule ya Plato ya Athene na akafa mwaka 485. Mwandishi wetu, basi, ni Mkristo wa mwisho wa karne ya 5 au mwanzo wa karne ya 6, na alikuwa amemsoma Proclus kwa makini ya mwanafunzi hodari.

Wabizanti wenyewe waliuona mfanano huo karne nyingi kabla ya Wajerumani hao. Ila waliueleza kinyume: walisema Proclus ndiye aliyemnyang'anya Dionisio. Kwa mtu aliyeamini kwamba Dionisio ni wa zama za mitume, maelezo hayo yalikuwa na mantiki kamili.

Sasa angalia mikono yake inavyofanya kazi, maana hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Kwa Proclus, kati ya Mmoja na ulimwengu wamo miungu wengi, kila mmoja na ngazi yake, na kila ngazi inaizalisha iliyo chini yake. Uhai una mungu wake, akili ina wake. Dionisio anachukua orodha ileile, wema, kuwapo, uhai, hekima, halafu anawaondoa miungu. Kinachobaki ni majina ya Mungu mmoja. Katika sura ya 11 anasema waziwazi kwamba Uhai wenyewe na Nguvu yenyewe si nafsi nyingine za kimungu zinazoumba. Ni Mungu yuleyule, na ni karama anazozitoa. Sentensi hiyo moja imeibomoa mbingu nzima ya wapagani wa Athene, na matofali yake yametumika kujengea kanisa.

Amefanya hivyo pia kwa zile daraja. Malaika wa Dionisio wamepangwa katika makundi tisa, matatu mara tatu, na mpango wa tatutatu ni wa Proclus mtupu. Ila malaika wa juu hamuumbi wa chini. Anampokeza mwanga tu. Kuwapo kwake kila kiumbe, kuanzia mserafi hadi jiwe, kunatoka kwa Mungu moja kwa moja. Mtu anayesema daraja za Dionisio ni upagani uliovikwa kanzu hajasoma mpaka hapo.

Na ule mwisho wa Theolojia ya Fumbo, ambapo anakana kila kitu kinachoweza kusemwa juu ya Mungu? Proclus naye alimkania Mmoja kila sifa, akifafanua kitabu cha Plato kiitwacho Parmenide. Dionisio anakwenda mbali zaidi: anasema Mungu si hata umoja, wala si uana wala ubaba kwa namna yoyote tunayoijua sisi. Hata lile jina "Mmoja" la wanafalsafa limewekwa miongoni mwa majina yasiyotosha. Mimi naona hapo ndipo Dionisio alipokuwa Mkristo kuliko mahali pengine popote, na inanisikitisha kwamba kurasa hizo ndizo zinazotolewa mara nyingi kama ushahidi kuwa hakuwa Mkristo.

Kumbuka mazingira. Mwaka 529 Justinian alipiga marufuku ufundishaji wa falsafa ya kipagani Athene, na baadhi ya walimu wake wakaenda Uajemi kwa mfalme Khosrow. Mwaka huohuo, kule Aleksandria, Mkristo aliyeitwa Yohane Philoponus aliandika kitabu dhidi ya hoja 18 za Proclus kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Philoponus alikuwa ametoka katika shule hiyohiyo ya falsafa. Hoja zake hazitegemei aya za Biblia bali zinamkamata Proclus kwa kanuni za wanafalsafa wenyewe. Ndugu zetu Waislamu wanaosoma falsafa wanaifahamu njia hiyo, kwa sababu hoja za Philoponus zilifika kwa Kiarabu, na zinazofanana nazo al-Ghazali alizitumia dhidi ya wanafalsafa waliodai ulimwengu ni wa milele. Enneadi nazo zilikuwa zimefika Baghdad karne ya 9, sehemu yake ikiitwa, kwa makosa, Theolojia ya Aristotle. Swali lako lina ndugu zake upande wa pili wa mpaka wa dini.

Nije kwenye mapinduzi makubwa kuliko yote, yale ya Maksimo Muungamadini. Katika monasteri za Palestina karne ya 6 walikuwapo watawa waliomfuata Origene, mwalimu Mkristo wa Aleksandria wa karne ya 3, kupitia maandishi ya mtawa Evagrius wa Ponto. Walifundisha kwamba hapo mwanzo akili zote zilikuwa zimetulia katika umoja na Mungu. Zikachoka kumtazama, zikasogea, zikaanguka; kuanguka huko ndiko kulikoleta miili na ulimwengu huu. Mwisho wa yote ni kurudi zilikotoka. Utaitambua sauti ya wanafalsafa: kukaa, kutoka, kurudi. Proclus aliiandika kama kanuni ya 35 katika Misingi ya Theolojia yake, kwamba kila kilichosababishwa hukaa ndani ya chanzo chake, hutoka humo, na hukirudia. Mafundisho ya watawa hao yalilaaniwa na Justinian mwaka 543, na tena Konstantinopoli mwaka 553.

Laana peke yake haijibu hoja. Aliyeijibu ni Maksimo, karne moja baadaye, katika maandishi yake juu ya vifungu vigumu vya Gregori wa Nazianzo. Watawa wale walipanga hivi: utulivu kwanza, mwendo wa pili, kuingia katika ulimwengu wa miili wa tatu. Maksimo akachukua maneno matatu yaleyale akayageuza: kuumbwa kwanza, mwendo wa pili, utulivu mwishoni. Amebadilisha mpangilio tu, lakini kila kitu kimebadilika. Mwendo umeacha kuwa anguko. Ni njia ambayo Mungu amempa kiumbe ili amwendee. Mwili si adhabu. Na utulivu si kitu tulichokipoteza zamani bali ni kitu ambacho hakuna kiumbe aliyewahi kukipata, ndiyo maana kinatumainiwa. Ukiwaza hivyo, unaweza kuamini ufufuko wa mwili bila kuona haya. Ukiwaza kama wale watawa, ufufuko unakuwa mzigo usiojulikana pa kuuweka.

Maksimo huyohuyo yumo katika mgogoro unaoonyesha jinsi neno moja la Dionisio lilivyoweza kutikisa dola. Katika barua yake ya 4 Dionisio alisema Kristo aliishi kati yetu kwa "utendaji mpya wa kimungu na kibinadamu". Mwaka 633 kaizari Heraclius alitaka kuwaunganisha Wakristo wa Misri na wa Konstantinopoli, na Patriarki Cyrus wa Aleksandria akatangaza mkataba wa vifungu tisa. Kifungu cha 7 kinasema Kristo huyohuyo anatenda ya kimungu na ya kibinadamu kwa "utendaji mmoja wa kimungu na kibinadamu", na kinamtaja Dionisio kama shahidi. Mahali pa "mpya" pamewekwa "mmoja". Sofroni, mtawa aliyekuwa Aleksandria wakati huo na ambaye mwaka uliofuata alikuwa Patriarki wa Yerusalemu, alipinga papo hapo. Maksimo alieleza kwa kirefu kwamba upya si idadi: Dionisio alitaja namna mpya ambayo asili mbili zinatenda pamoja, kila moja ikibaki na utendaji wake. Katika mtaguso wa Laterano mwaka 649, Papa Martino alilishtaki badiliko hilo la neno hadharani.

Kwa nini falsafa ilikuwa na uzito hapo? Kwa sababu ya kanuni ambayo wote waliikubali, tangu Aristotle hadi kwa wafuasi wa Plato waliomfafanua: kila asili ina utendaji wake, na kwa utendaji huo ndipo asili hujulikana. Ukimpa Kristo utendaji mmoja, kwa kanuni hiyo umempa asili moja. Maksimo hakukubali, wala hakukubali neno lililokuja baadaye, kwamba Kristo ana utashi mmoja tu. Kristo ambaye hana utashi wa kibinadamu hakuuponya utashi wetu. Alihukumiwa, na mwaka 662 akakatwa ulimi na mkono wa kulia, akapelekwa uhamishoni Lazika, kwenye pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi. Alifariki tarehe 13 Agosti mwaka huohuo. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680–681 ulikubali mafundisho yake, ingawa haukumtaja jina. Ukisikia mtu anasema mijadala hii ilikuwa mchezo wa maneno wa wasomi walioshiba, mkumbushe ulimi huo.

Juu ya picha takatifu, yaani ubishi kama ni halali kuzichora na kuziheshimu, sitakaa sana, ingawa ni mgogoro mashuhuri. Yohane wa Damasko, aliyeandika karne ya 8 akiwa chini ya utawala wa Waislamu, anazipanga aina za picha kuanzia Mwana aliye mfano hai wa Baba, kupitia mipango iliyomo ndani ya Mungu kabla ya kuumba, ambayo anaieleza kwa maneno ya Dionisio, hadi ubao uliopakwa rangi. Mpango huo wa picha inayoshiriki katika kile inachokionyesha ni wa wafuasi wa Plato. Lakini kwao jambo la maana lilikuwa kupanda juu kutoka kwenye kitu cha mwili na kukiacha nyuma. Yohane anasema haabudu maada, anamwabudu Muumba wa maada aliyefanyika maada kwa ajili yake. Plotinus, ambaye kwa maelezo ya Porphyry alikataa kuchorwa kwa kuwa aliona aibu kuwa ndani ya mwili, asingeweza kuitamka sentensi hiyo.

Sasa lile swali lako la pili, kwa nini waliwalaani. Nenda Konstantinopoli ya karne ya 11. Michael Psellos, aliyepewa na kaizari cheo cha mkuu wa wanafalsafa, anasimulia katika historia yake jinsi alivyopita kwa Plotinus, Porphyry na Iamblichus hadi akafika kwa Proclus kama mtu anayetia nanga katika bandari kuu. Alitakiwa kuandika ungamo la imani, akaandika, na mambo yakapoa. Mwanafunzi wake Yohane Italos, mtu wa Italia ya kusini, hakupona. Mwaka 1082, chini ya Alexios I Komnenos, alihukumiwa, na laana dhidi ya mafundisho aliyoshtakiwa nayo zikaongezwa katika Sinodikoni ya Imani Sahihi, hati inayosomwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, siku ambayo Waorthodoksi, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, hukumbuka kurudishwa kwa picha takatifu mwaka 843.

Zisome laana hizo kwa makini. Wanalaaniwa wanaoamini kwamba mifano ya Plato ipo kweli na maada ni ya milele, wanaosema roho za watu huhama kutoka mwili hadi mwili, wanaokana kwamba tutafufuka na miili yetu hii. Kisha wanalaaniwa wanaosoma elimu ya Wagiriki si kwa ajili ya kujifunza tu bali wakazifuata rai zake. Hawakulaani kusoma. Hati hiyohiyo inachukulia kwamba kijana msomi atawasoma Wagiriki. Mpaka umechorwa palepale alipouchora Gregori wa Nazianzo na Maksimo: Mungu ameumba kwa hiari, ulimwengu una mwanzo, mwili utafufuka. Kesi ya Italos ilikuwa na siasa ndani yake, maana Alexios alikuwa ndiyo kwanza ameshika kiti na alihitaji kuonekana mlinzi wa imani. Hata hivyo, mpaka wenyewe haukubuniwa naye.

Mgogoro wa mwisho, na kwangu ndio mtamu kuliko yote, ni wa karne ya 14. Watawa wa Mlima Athos walikaa kimya wakirudia sala, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie," wakasema kwamba mtu aliyetakaswa anaweza kuuona mwanga uleule ambao mitume waliuona mlimani Tabor Kristo alipogeuka sura. Barlaam, mtawa msomi kutoka Calabria, aliwacheka. Hoja yake ilikuwa Dionisio: Mungu yuko juu ya ujuzi wote, kwa hiyo mwanga wowote unaoonekana ni kiumbe. Gregori Palamas akajibu, na hoja yake ilikuwa Dionisio: Mungu yuko juu ya ujuzi wote katika kiini chake, lakini Dionisio huyohuyo anasema Mungu hutoka, hujigawia, hushirikiwa. Palamas akavitenganisha kiini cha Mungu, kisichofikiwa kamwe, na utendaji wake, ambao haukuumbwa na unaotufikia. Mitaguso ya Konstantinopoli ya 1341, 1347 na 1351 ilimpa haki.

Watu humwambia Palamas kwamba hapo amemkopa Plotinus. Plotinus kweli alisema kila kitu kina utendaji wa namna mbili, ule ulio kiini chake chenyewe na ule unaotoka katika kiini hicho, na mfano wake ni moto, wenye joto lililo ndani yake na joto linalotupata sisi tulioketi karibu. Mfanano upo. Lakini fuata hatua inayofuata. Kwa Plotinus kinachotoka kwa Mmoja kinakuwa mwingine, tena mdogo: ndiyo Akili. Kwa Palamas kinachotoka ni Mungu mwenyewe, mzima, bila ngazi ya kati. Mtawa anayesali pangoni Athos hakutani na cha pili baada ya Mungu. Barlaam, aliyeacha nafasi kati ya Mungu asiyejulikana na watu, akaijaza nafasi hiyo kwa vitu vilivyoumbwa, ndiye aliyeibakisha ngazi ya wanafalsafa, ingawa alijiona mlinzi wa Dionisio.

Yupo mmoja aliyekubali kila kitu, George Gemistos Plethon wa Mistra. Alikwenda Italia na ujumbe wa Kigiriki kwenye mtaguso wa Ferrara na Florence wa 1438–1439, akawafundisha Wafiorentina habari za Plato, na kitabu chake cha Sheria kilichokutwa baada ya kifo chake kilirudisha miungu ya Kigiriki waziwazi. Gennadios Scholarios, Patriarki wa kwanza baada ya Waturuki kuuteka mji, alikichoma. Mtazame Plethon, kisha mtazame Maksimo au Palamas. Ukiwalinganisha hao utaona tofauti ya Mkristo aliyesomeshwa na Plato na mtu aliyehamia kwa Plato.

Kama una insha ya kuandika, mwanangu, usiandike juu ya "athari" kwa jumla. Chukua sura ya 4 ya Majina ya Mungu na risala ya Proclus juu ya uovu, uziweke mezani pamoja, na upige mstari si chini ya yanayofanana bali chini ya kila neno ambalo Dionisio amelibadilisha au kuliruka. Risala hiyo ya Proclus imehifadhiwa nzima kwa Kilatini tu, katika tafsiri ya William wa Moerbeke ya karne ya 13, kwa hiyo utahitaji mwenzako anayekijua Kilatini, au tafsiri ya lugha unayoisoma. Na likikushinda hilo, andika juu ya kifungu cha 7 cha mkataba wa mwaka 633. Ni kifupi, na hoja ya asili na utendaji niliyokutajia hapa imo ndani yake.